Upepo wa Hamsini na Njia ya Arobaini

Wenzetu walioandika kurasa zilizotangulia wamekwisha kuwaeleza habari za miaka, na nani aliyekuja mwanzo, na kengele ya kwanza ilitundikwa juu ya mti gani. Nanyi mwajua kwamba neno Jubilii lenyewe latoka katika Kitabu cha Walawi, ambamo mwaka wa hamsini hutengwa na kutangazwa kwa baragumu. Sisi tumeombwa kuandika habari za safari za kale, na kwa kuwa hesabu ya hamsini i midomoni mwa watu wote siku hizi, tumeona ni vema tuwaletee hamsini nyingine, ambayo huko Misri hawaiimbii nyimbo wala hawaipigii kengele, bali huifungia madirisha. Hamsini hiyo ni upepo.

Waarabu wa Misri huuita upepo huo khamsini, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya mkalimani, maana neno ni lile lile alilolipata katika kitabu chake cha hesabu. Mwingereza Edward William Lane, aliyekaa Kairo siku nyingi na kutoa kitabu juu ya desturi za Wamisri mwaka 1836, aeleza kwamba watu wa huko walihesabu siku hizo za upepo tangu siku ya pili ya Pasaka ya Wakristo wa Kikopti hata Pentekoste. Siku hiyo ya kwanza yaitwa Shamu Nasimu, maana yake kunusa upepo mwanana. Watu wengi walikuwa wakiamka alfajiri, wakavunja kitunguu na kukinusa, kisha wakatoka kwenda mashambani au mtoni kupunga hewa, wakiamini kwamba hewa ya siku ile yaleta afya. Hivyo siku ile ile ya kuusifu upepo mwema ndiyo siku ya kuanza kuuogopa upepo mbaya. Jambo hili latuchekesha kidogo, lakini wakulima kila mahali ndivyo walivyo.

Hesabu hiyo ni nzuri kwa kukumbuka, walakini si kamili. Pasaka huhama mwaka hata mwaka, nao upepo hausomi kalenda ya kanisa. Kwa kweli huanza pengine mwezi wa Februari, huzidi katika Machi, Aprili na Mei, na mara nyingine hufika Juni. Tena haudumu siku hamsini mfululizo, kama wengine wadhanivyo kwa kusikia jina. Hupiga saa chache, au siku moja, au mbili tatu, kisha hutulia, na baada ya siku kadhaa hurudi. Asili yake ni hii: katika majira hayo pepo za mzunguko hupita kutoka magharibi kwenda mashariki, zikiambaa pwani ya kaskazini ya Afrika, na kila mmoja unapopita huivuta mbele yake hewa ya jangwani kutoka kusini. Hewa hiyo ni kavu na ya moto, imejaa vumbi hata jua huonekana kama sahani ya shaba. Mzunguko ukiisha kupita, upepo hugeuka ghafula ukatoka magharibi na kaskazini, na baridi hurudi. Basi msafiri aliyefundishwa huutazama upande. Upepo wa kusini ukianza kuvuma na joto likipanda upesi, hukaa pale alipo karibu na maji. Bwana wetu aliwakumbusha makutano habari hii hii, ya kwamba walijua kuutazama upepo wa kusi na kusema hari itakuja, nayo ikaja (Luka 12:55). Wapalestina wale walikuwa walimu wazuri wa hewa.

Watu wa pwani yetu hawatashangaa kusikia kwamba safari hupangwa kwa upepo. Majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja kwetu kwa kaskazi, katika Desemba na miezi iliyofuata, yakarudi kwa kusi. Nahodha aliyekawia kuuza tende zake akapitwa na majira hakuwa na la kufanya ila kungoja. Wazee wa Waswahili walihesabu siku tangu Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, kumi kumi, na kila kumi wakaiita mwongo. Kwa miongo hiyo walijua siku za kupanda na siku za kuingia baharini. Na katika Matendo ya Mitume, mlango wa 27, twasoma kwamba Paulo aliwaonya wenye merikebu kwamba siku za mfungo zimekwisha kupita na kusafiri kuna hatari, lakini akida alimsadiki nahodha na mwenye merikebu kuliko yeye. Yaliyowapata mwayajua. Jangwa nalo lina bahari yake na merikebu zake zenye miguu minne, na kawaida yake ni hiyo hiyo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: jahazi likikosa upepo hukaa bandarini, na hakuna afaye, kafila ikikosea majira hujua kosa lake imekwisha kufika siku ya nne, ambapo kurudi ni mbali sawasawa na kuendelea.

Tena haifai kudhani kwamba kalenda moja yatosha kwa majangwa yote. Upande wa Irak na Ghuba, upepo wenye vumbi ni shamali, utokao kaskazini na magharibi, nao hutia nguvu katika Juni na Julai. Neno hilo nalo twalijua, maana shimali ni kaskazini. Katika Afrika ya Magharibi ni harmatani, upepo mkavu utokao upande wa Sahara tangu Novemba hata Machi, uletao vumbi jembamba hata pwani ya Gini. Na nchini Sudani, kuuzunguka mji wa Khartum, kuna habubu. Huyu ni mtoto wa mvua. Wingu la radi likiangusha hewa yake baridi, hewa hiyo hutawanyika juu ya ardhi kavu na kuinua vumbi kama ukuta, na ukuta huo waweza kuwa mrefu kuliko mlima wa futi 3,000. Hutokea zaidi tangu Mei hata Septemba, na waliohesabu katika miaka ya 1920 walipata kadiri ya mara 24 kwa mwaka pale Khartum. Tuliangalie jambo hili vema. Mtu atokaye Misri kwenda Sudani, akiondoka mwisho wa Aprili, aiacha hamsini nyuma yake haijaisha, na mbele yake yamngoja habubu inayoanza. Kati ya mbili hizo lipo joto lenyewe, na upepo wa moto ambao Waarabu waliuita samumu. Neno hilo na neno letu sumu ni ndugu wa tumbo moja.

Na sasa tuitazame njia moja, ili maneno yetu yasiwe ya hewani tu. Mto Nili, baada ya kupita Khartum na Berber, hufika mahali paitwapo Abu Hamed, na hapo, badala ya kuendelea kaskazini, hugeuka kusini na magharibi, ukazunguka mzunguko mkubwa sana wenye maporomoko mengi kabla ya kurudi njia yake. Wasafiri walichoka na mzunguko huo. Wakakata jangwa la Nubia moja kwa moja, kutoka Korosko, kijiji kando ya mto upande wa Misri, hata Abu Hamed. Ni kadiri ya maili 230, mwendo wa siku saba kwa mwenye haraka na kumi kwa mwenye mizigo mizito. Katikati kulikuwa na visima mahali pamoja tu, Murrat, na jina hilo linatokana na uchungu. Maji yake ngamia waliyanywa, watu waliyaonja wakayatema.

Njia hii aliipita Padre Daniele Comboni pamoja na wenzake wa misioni ya Afrika ya Kati. Waliondoka kwao Italia katika Septemba 1857, wakapanda mto Nili, wakalikata jangwa la Korosko wakati wa baridi, wakaingia Khartum tarehe 8 Januari 1858. Ukiitazama ramani na kalenda pamoja waona kwamba majira yao yalikuwa mema: hamsini ilikuwa bado, habubu ilikuwa mbali, usiku wa jangwani ulikuwa wa kujifunika blanketi, na maji yaliyotiwa viribani yalikawia kupungua. Jangwa halikumchukua hata mmoja wao. Kweli yatulazimu kusema pia kwamba kuchagua mwezi mwema wa jangwa hakukuwasaidia kwa yaliyofuata. Walipofika kwenye vinamasi vya Nili Nyeupe, homa iliwaua wenzake mmoja mmoja, na Padre Oliboni alikufa tarehe 26 Machi ya mwaka ule ule. Mchanga una kalenda yake, na mbu wana yao, na kwa siku zile hakuna aliyeijua ile ya pili.

Sasa mwangalieni mtu mwingine katika njia ile ile. Bwana Samuel Baker, Mwingereza aliyekuwa akienda kutafuta chemchemi za Nili, alitweka kutoka Kairo tarehe 15 Aprili 1861 pamoja na mkewe, akafika Korosko tarehe 11 Mei, na siku chache baadaye wakaingia jangwani. Hakuwa mjinga wala mwoga, lakini alikuwa na haraka, na haraka haikumwuliza mwezi. Aandika kwamba samumu ilikuwa katika nguvu zake zote. Kipimajoto kilichowekwa kivulini karibu na viriba vya maji kilionyesha digrii 114 za Farenhaiti, yaani zaidi ya 45 za Sentigredi. Walikwenda mwendo wa kukaza siku saba, na walipouona mto pale Abu Hamed maji yao yalikuwa karibu kwisha. Walipona. Lakini hebu tufikiri. Kama ngamia mmoja angalivunjika mguu, au kama tufani ya vumbi ingaliwazuia siku moja na nusu tu, kitabu chake tusingalikisoma. Comboni angeweza kupoteza siku mbili asione shida kubwa. Baker hakuwa na siku hata moja ya akiba. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo maana halisi ya kuchagua majira. Hata wakati wa baridi upepo huweza kuvuma, lakini ukivuma unakukuta una maji ya siku zilizozidi.

Baker asimulia pia habari aliyoisikia katika njia hiyo. Zamani, majeshi ya Misri yalipoishika Nubia, kikosi kimoja cha askari kilipita humo chini ya kiongozi Mwarabu. Joto lilikuwa kali, wakanywa maji yao pasipo kipimo. Kisha wakaona mbele yao ziwa zuri, maji yakimetameta. Kiongozi aliwaambia kwamba hayo si maji bali ni mazigazi, na kwamba yeye hataiacha njia. Wakamsihi, kisha wakamtisha, na mwisho wakamwua. Wakakimbilia ziwa, na ziwa likakimbia mbele yao. Hakuna aliyepona, na Waarabu waliokwenda kuwatafuta waliikuta mizoga tu. Wasomaji watakaowafundisha watoto habari hii watuwie radhi kwa ukali wake. Sisi tuliisikia tukiwa wadogo, na hatujaisahau.

Tumesema mizoga, wala hatukusema makaburi ya mchanga, kwa sababu hapa kuna kosa la zamani lifaalo kusahihishwa. Herodoto, Myunani aliyeandika historia, asimulia kwamba mfalme wa Uajemi Kambise, aliyeishinda Misri mwaka 525 kabla ya Kristo, alipeleka watu 50,000 kutoka Thebe kwenda kuwapiga Waamoni katika oasisi tuiitayo leo Siwa. Walipokuwa wakila chakula cha mchana ukavuma upepo mkuu wa kusini, ukawafunika kwa mchanga, wasionekane tena. (Tazama, hamsini imerudi, mara hii kwa maelfu.) Wengi wamelitafuta jeshi hilo, na wataalamu wengi wa leo wanaishuku habari yenyewe. Mtu aliyeuchunguza mchanga kuliko wengine, Bwana Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Kiingereza, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1941 kwamba punje za mchanga hazielei hewani kama watu wadhanivyo. Hurukaruka juu ya ardhi kama mahindi yakikaangwa, na wingi wake hupita chini ya kimo cha mtu. Katika tufani ya mchanga iliyo safi, pasipo vumbi, mtu aliyesimama aweza kuwa kichwa na mabega nje, mchanga ukipita kifuani pake kama mto. Kipandacho juu na kuficha jua ni vumbi. Vumbi halimfukii mtu, humpofusha. Humficha kiongozi nyota zake na vilima vyake, humzuia asiendelee, na wakati huo maji yanapungua viribani na mwilini.

Basi muuaji ni kiu, na upepo ni mshenga wake. James Grey Jackson, mfanya biashara Mwingereza aliyekaa Moroko, aliandika kwamba mwaka 1805 kafila moja itokayo Timbuktu kwenda Tafilalet ilifika mahali pa maji pa siku zote ikakuta hakuna maji, wakafa watu 2,000 na ngamia 1,800. Hata kama hesabu yake imeongezeka katika kusimuliwa, sababu aliyoitaja ni kisima, si mchanga.

Walimu waweza kuwapa watoto hesabu hii. Ngamia aliyekauka akifika kisimani aweza kunywa lita 100 mara moja. Wakati wa baridi, akipata majani mabichi, hukaa majuma bila kunywa. Wakati wa hari, akiwa na mzigo, huhitaji maji baada ya siku chache. Basi kafila ya ngamia 500 ikifika kisimani wakati wa joto yahitaji lita 50,000, yaani madebe 2,500, yavutwe yote kwa kamba na mikono, kutoka kisima kimoja, katika jua. Wa kwanza hunywa maji, wa mwisho hunywa tope. Hesabu hii yaeleza kwa nini wenye kafila waliogopa miezi ya joto hata kabla ya kuutaja upepo. Yaeleza pia kwa nini Watuareg wa Agadez walizipeleka kafila zao kubwa za chumvi kwenda Bilma, kupitia jangwa la Ténéré, katika vuli, mvua zikiisha kupita na ngamia wakiwa wamenona. Kafila ya mwaka 1906 yasemekana ilikuwa na ngamia 20,000.

Tumeahidi Njia ya Arobaini. Waarabu waliiita Darb al-Arba'in, njia ya siku arobaini, kutoka Darfur hata Asyut katika Misri, kadiri ya maili 1,100, kwa kupitia Bir Natrun, Selima na Kharga. Mwingereza William George Browne alisafiri nayo mwaka 1793 akifuatana na wafanya biashara waliokuwa wakirudi Darfur. Waliondoka Asyut katika Mei, mwezi mbaya, na kipimajoto kilifika 116 za Farenhaiti. Siku zao zikapita arobaini, wakafika katika Julai. Sultani wa Darfur hakumruhusu kurudi upesi, akakaa huko karibu miaka mitatu.

Kwa nini watu waliozaliwa katika nchi ile, wenye kujua kila kisima, waliondoka katika Mei? Jibu ni kwamba kafila haikuondoka kwa amri ya upepo tu. Iliondoka biashara ilipokwisha na ruhusa ya Sultani ilipotoka. Tena tusisahau biashara yenyewe ilikuwa nini. Pamoja na pembe na manyoya ya mbuni na ngamia, njia ile ilipitisha watumwa, mwaka kwa mwaka, kwenda masoko ya Misri. Mwaka 1799 jemadari Bonaparte mwenyewe, alipokuwa Misri, alimwandikia Sultani wa Darfur akitaka kununua watumwa 2,000 wanaume wenye nguvu. Mfanya biashara alipanda ngamia, alikuwa na kiriba chake, na kama aliona mwezi si mwema aliweza kusema na wenzake. Mtumwa alikwenda kwa miguu, akanywa alichopewa, na hakuna aliyemwuliza safari ianze mwezi gani. Sisi tuliosoma habari za misafara ya Tabora na Ujiji hata Bagamoyo twaijua sura hiyo, ingawa kwetu mauti yalikuwa ya njaa na ndui na mabwawa zaidi kuliko mchanga. Twasoma mara nyingi sifa za hekima ya watu wa kafila, nasi tumezisifu hapa. Yafaa kukumbuka kwamba hekima ile ilikuwa mkononi mwa wachache, na waliolipa kosa lake hawakuwa wao kwanza.

Mkuu wa kafila aliitwa khabiri, yaani mwenye habari, na hilo nalo ni neno letu. Kazi yake ilikuwa kujua nyota, visima, malisho na majira, na kuamua siku. Tufani ikija aliamuru mizigo ishushwe, ngamia wapigishwe magoti wakiupa upepo mgongo, na watu wajifunge vilemba usoni na kukaa nyuma ya mizigo hata upite. Hapakuwa na dawa nyingine wakati huo. Dawa yote ilikuwa imefanywa miezi miwili kabla, siku alipokataa au alipokubali kuondoka.

Hata mtu mwenye hekima aliweza kukokotwa na siku. Ahmed Hassanein Bey, Mmisri aliyesoma Oxford, aliondoka Sallum pwani ya kaskazini katika Januari 1923, mwezi mwema kabisa, akikusudia kulikata jangwa la Libya. Lakini ngamia walikawia kupatikana, na mambo mengine yakamzuia njiani, hata alipoondoka Kufra ilikuwa katikati ya Aprili. Sehemu iliyo ngumu kuliko zote, isiyokuwa katika ramani yo yote, akaipita wakati wa joto, akisafiri usiku na kulala mchana. Alifika Darfur salama baada ya kuziweka Arkenu na Uweinat katika ramani, na mwaka 1924 Chama cha Kifalme cha Jiografia mjini London kikampa nishani ya dhahabu. Bagnold, aliyemfuata kwa motokaa za Ford katika safari za 1929, 1930 na 1932, alichagua vuli, kati ya Septemba na Novemba, ingawa motokaa hainywi kama ngamia. Vita ilipokuja mwaka 1940 na yeye akaunda kikosi cha kupenya jangwani, hakukuwa tena na kuchagua. Vita haingoji Novemba.

Njia ya Korosko haikuuawa na upepo. Mwaka 1897 majeshi ya Kitchener yalijenga reli kutoka Wadi Halfa kulikata jangwa lile lile. Kazi ilianza katika Januari na kufika Abu Hamed tarehe 31 Oktoba. Walijenga wakati wa baridi na wakati wa hari, kwa sababu maji yalikuja nyuma yao kwa gari la moshi, na baadaye wakapata visima viwili kwa kuchimba. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Percy Girouard, Mkanada, ambaye wasomaji wa Kenya watamkumbuka katika historia yao, maana alikuwa Gavana huko tangu 1909 hata 1912. Gari la moshi lilipoanza kupita, jangwa lililochukua siku saba likachukua chini ya siku moja, na wenye ngamia wa Korosko wakakosa kazi.

Kijiji chenyewe nacho hakipo tena mahali pake. Bwawa Kuu la Aswan lilianza kujengwa mwaka 1960 na kumalizika mwaka 1970, na maji yalipopanda, Wanubi wa upande wa Misri walihamishwa katika 1963 na 1964, wakapelekwa kukaa karibu na Kom Ombo. Mahali pale ambapo Comboni alipanda ngamia wake wakati wa baridi, na Baker katika Mei, pako chini ya ziwa.